ORS ya pakiti: nyota tano kwa kazi, tatu kwa ladha, mbili kwa maandishi ya nyuma

Watu wanaandika maoni ya simu, ya viatu, ya sabuni za nywele, ila hiki kipakiti ambacho kimeshapita karibu kila nyumba yenye mtoto mdogo hamna anayekitolea maoni, basi leo nakitolea mimi. Nazungumzia ORS, ule unga wa chumvichumvi unaochanganya na maji mtu akiwa anaharisha. Sitaji kampuni kwasababu haina haja, fomula nzuri ni moja tu, ile iliyopitishwa na WHO na UNICEF mwaka 2002, kampuni kibao zinaifuata, na ukishajua kusoma nyuma ya pakiti utajua mwenyewe kama uliyoshika ni yenyewe au ni unga wa juisi umevalishwa jina la dawa.

Ndani kuna vitu vinne, basi. Pakiti ya lita moja ina gramu 20.5 za unga: glukosi 13.5, chumvi ya kawaida 2.6, trisodiamu sitreti 2.9 na potasiamu kloridi 1.5. Ukishakoroga kwenye lita moja ya maji unapata sodiamu milimoli 75 (milimoli ni kipimo cha kuhesabu wingi wa chembe za kitu), glukosi 75, kloridi 65, potasiamu 20 na sitreti 10, ukijumlisha inakuja 245. Hizo namba nazirudia huko mbele kwasababu uzuri wote wa hii kitu uko humo, hakuna hata moja iliyowekwa kwa kubahatisha, na ndo maana nakasirika nikiona mtu anamimina pakiti kwenye glasi moja anamnywesha mtoto.

Tuanze na glukosi, maana wengi wanadhani imewekwa ili mgonjwa apate nguvu au ladha ipungue ukali. Hapana. Kwa siku moja utumbo wa mtu mzima unapitisha kama lita 8 hadi 9 za maji, na katika hizo ulizokunywa wewe ni kama lita 2 tu, zilizobaki mwili wenyewe ndo umezimwaga humo ndani, mate, maji ya tumbo, nyongo, kongosho, na utumbo wenyewe. Karibu zote zinafyonzwa zinarudi kwenye damu, kinachotoka na choo ni kama mililita 100 au 200. Sasa fikiria ufyonzaji ukiharibika kidogo tu au umwagaji ukizidi, hesabu inaharibika haraka kiasi gani. Kwenye kipindupindu kikali mtu mzima anaweza kupoteza mpaka lita moja kwa saa, sumu ya yule bakteria inazilazimisha seli za utumbo kumwaga kloridi bila kusimama, sodiamu na maji yanafuata, na njia ya kawaida ya kufyonza chumvi nayo inabanwa.

Lakini kuna njia moja haibanwi. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna protini inaitwa SGLT1, ni kama mlango wa funguo mbili, haufunguki kwa sodiamu peke yake wala kwa glukosi peke yake, vikija pamoja unafunguka, sodiamu mbili kwa glukosi moja, na vikishaingia maji yanavifuata. Kipindupindu hakiugusi mlango huu! Mgonjwa anaharisha vibaya sana lakini ukimpa chumvi na glukosi kwa kipimo anafyonza. Mimi nilivyoelewa hapo nikaanza kukiheshimu hiki kipakiti. Maji matupu hayana sodiamu wala glukosi, yanapita mengi yanarudi chini. Chumvi bila sukari inapita pia. Sukari nyingi bila chumvi ndo mbaya kuliko zote, tutafika.

Kwahiyo ile 75 kwa 75 ndo yenyewe, glukosi ya kutosha kuibeba sodiamu na isiyobaki ikazagaa kwenye utumbo.

Na ile jumla ya 245 je? Damu yetu inakaa kati ya 275 na 295 kwa kipimo hicho hicho cha mkusanyiko wa vitu kwenye maji. Maji hufuata palipo na chumvichumvi nyingi, kwahiyo ukinywa kitu chenye 245 maji yanatoka kwenye utumbo yanaingia kwenye damu kwa urahisi. Fomula ya zamani ilikuwa na 311, sodiamu 90 na glukosi 111, juu kidogo ya damu. Ilifanya kazi, iliokoa watu wengi mno, ila walipoilinganisha na hii nyepesi kwa watoto wakakuta nyepesi inapunguza wingi wa choo kwa kama asilimia 20, kutapika kwa kama asilimia 30, na watoto waliolazimika kuwekewa dripu baadae wakapungua kwa kama theluthi. Kwa kupunguza chumvi na sukari tu, hawakuongeza kitu chochote kipya. Kwahiyo ukikuta pakiti imeandikwa jumla 311 ujue ni ya fomula ya zamani, itafute yenye 245.

Sasa twende kwenye sehemu ninayoipenda mimi na ambayo watu hawaiongelei kabisa, ile sitreti.

Mwili unalinda kipimo cha asidi kwenye damu kwa ukali ambao ukiusoma unashangaa. pH ya damu inatakiwa iwe kati ya 7.35 na 7.45, ikishuka chini ya hapo damu imekuwa na asidi nyingi, ikipanda juu imekuwa na alkali nyingi, na ikifika karibu na 6.8 au 7.8 maisha yenyewe yako mashakani. Na kila siku chakula na kazi za seli zinatengeneza asidi, haikomi. Wanaoilinda ni watatu. Wa kwanza ni kemikali zilizo kwenye damu zenyewe, hasa bikabonati, ambayo kawaida iko kama milimoli 24 kwa lita, inaikamata asidi papo hapo. Wa pili ni mapafu, yanatoa hewa ya ukaa, na kwasababu hewa ya ukaa ikiyeyuka kwenye damu inakuwa asidi, ukipumua haraka na kwa kina unaitoa asidi nje, hii inachukua dakika tu. Wa tatu ni figo, zinaitoa asidi kwenye mkojo na kuirudisha bikabonati kwenye damu, hizi hazina haraka, zinahitaji siku kadhaa kufika kwenye nguvu yake yote.

Maji ya utumbo yana bikabonati nyingi. Kwahiyo mtu akiharisha sana anapoteza maji, anapoteza chumvi, na anapoteza pia ile kinga yake ya asidi, damu inaanza kuwa na asidi. Wakati huo huo maji yamepungua, damu haifiki vizuri kwenye misuli, misuli inatengeneza asidi ya laktiki, na figo ambazo ndo zilitakiwa kusafisha nazo hazipati damu ya kutosha. Yote yanakuja kwa pamoja. Ndo maana mtoto aliyeishiwa maji vibaya unamkuta anapumua kwa kina na haraka hali kifua chake ni kisafi kabisa, hana mafua wala kikohozi, ni mapafu yanajaribu kuitoa asidi.

Hili nimeliona kwa macho yangu kwa mtoto wa dada yangu. Alikuwa kaharisha usiku kucha, asubuhi amelegea, macho yameingia ndani, mdomo umekauka, na tumbo linapanda na kushuka kama mtu aliyetoka kukimbia. Dada akaniambia "huyu nimonia imemshika," tukamkimbiza hospitali, daktari akamsikiliza kifua mbele na nyuma akasema mapafu mazima, hii ni asidi. Akamfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili akaiachia, ngozi ikabaki imesimama kabla ya kurudi, akasema angalieni hapa, ikichukua zaidi ya sekunde mbili ujue maji yamepungua vibaya. Alianzishiwa dripu maana hakuweza kunywa, halafu alipoanza kumeza wakamhamishia ORS, na kadri alivyokuwa anakunywa na kukojoa ndivyo pumzi ilivyokuwa inatulia. Hakuna dawa ya mapafu aliyopewa pale.

Sitreti ndo inafanya hiyo kazi ya asidi. Ikishafyonzwa ini linaichoma, na kila sitreti moja inaacha bikabonati tatu, kwahiyo zile milimoli 10 kwenye lita zinakuwa kama 30 za bikabonati mwilini. Zamani kwenye pakiti waliweka bikabonati yenyewe moja kwa moja, magadi yale, shida ni kwamba yakikaa na glukosi kwenye joto na unyevu unga unaganda na kuwa kahawia, pakiti inaharibika stoo kabla hata haijamfikia mgonjwa. Mwaka 1984 wakahamia sitreti na tatizo likaondoka. Mabadiliko madogo kwenye karatasi, ila kwa mtu anayekaa mbali na hospitali na anahitaji pakiti iliyokaa kabatini miezi iwe bado nzima, ni makubwa sana. Na niseme pia, kazi kubwa ya kurekebisha asidi inafanywa na figo zenyewe zikishapata maji na damu ya kutosha, sitreti inazisaidia tu zianze.

Anayetapika sana bila kuharisha hali yake ni kinyume. Yeye anatoa asidi ya tumbo, damu yake inaelekea kwenye alkali, na figo zinashindwa kuimwaga ile bikabonati iliyozidi mpaka zipate maji na kloridi. Kwenye ORS kuna kloridi 65, kwahiyo hata huyu inamfaa akiweza kuibakiza tumboni, ila kutapika kusikokoma ni kwenda hospitali, usikae nyumbani unahesabu vijiko.

Potasiamu nitaipitia haraka ila usiidharau. Karibu yote, kama asilimia 98, iko ndani ya seli, kwenye damu kuna kidogo sana, kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita. Mtu akiharisha inatoka kwa wingi, na homoni ya aldosteroni ambayo inazihimiza figo zishike sodiamu nayo inaifukuza potasiamu kwenye mkojo. Halafu damu ikiwa na asidi potasiamu inatoka kwenye seli inaingia kwenye damu, kwahiyo kipimo kinaweza kuonyesha iko sawa kumbe akiba imeisha, ukimrekebisha asidi bila kumpa potasiamu ndo inaporomoka, misuli inalegea, tumbo linajaa gesi, mapigo ya moyo yanavurugika. Maji ya chumvi na sukari unayochanganya mwenyewe nyumbani, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari kwenye lita moja, vyote vya kusawazisha juu, yanasaidia sana kama pakiti hamna, lakini potasiamu haimo na sitreti haimo. Pakiti ikiwepo chukua pakiti.

Haya tuje kwenye matumizi, na hapa ndo nyota mbili zinapotoka.

Kipimo cha maji ndo kila kitu. Kuna pakiti za lita moja, kuna za nusu lita, kuna za mililita 200, na zote kwa macho zinafanana, karatasi ile ile ya kung'aa, na kiasi cha maji kimeandikwa kwa herufi ndogo sana pembeni ambazo saa nane za usiku mtoto analia na taa ni hafifu huwezi kuzisoma. Hivi kweli kampuni inashindwa kuandika LITA 1 kubwa katikati ya pakiti? Rangi za matunda wanazichora kubwa, lile neno linalookoa maisha wanalificha kwenye mkunjo.

Maana ukiweka maji machache chumvi na sukari vinazidi, utumbo unayavuta maji kutoka kwenye damu badala ya kuyapeleka, kuharisha kunaongezeka, na ile sodiamu inayoingia inaweza kupandisha ya kwenye damu juu ya milimoli 145 kwa lita, maji yanatoka kwenye seli za ubongo, mtoto anakuwa na kiu kali, anasumbuka, anaweza hata kupata degedege. Ukiweka maji mengi kupita kiasi unakaribia maji matupu. Mtu mzima wa kilo 70 ana kama lita 42 za maji, 28 ziko ndani ya seli na 14 nje, na katika hizo za nje kwenye damu yenyewe ni kama lita 3 tu. Anayeharisha anapoteza hasa zile za nje, pamoja na chumvi yake. Ukimrudishia maji peke yake kwa wingi sodiamu inashuka chini ya 135, maji yanaingia kwenye seli, za ubongo zinavimba, kichwa kinauma, anachanganyikiwa. Kwahiyo wanaosema "mpe maji tu mengi" wana nia nzuri ila wanamalizia nusu ya kazi.

Mi nafanya hivi. Natafuta chupa ya lita moja ambayo kipimo chake nakijua, naosha mikono, natumia maji safi, kama nimeyachemsha nasubiri yapoe kwanza. Nakata pakiti upande mmoja wote, sio kona, kwasababu ukikata kona unga unabaki umejibana kwenye mkunjo wa chini na huo uliobaki ni sehemu ya kipimo, naugonga kwa kidole mpaka uishe. Nakoroga mpaka hamna chembe chini. Halafu naonja, haitakiwi iwe na chumvi kuzidi machozi, ikizidi namwaga nachanganya upya. Nikishachanganya sichemshi tena, siongezi sukari, siongezi juisi, na ikifika saa 24 iliyobaki namwaga hata kama ni nusu chupa.

Kunywesha nako kuna namna yake. Mtoto mdogo ukimpa kikombe anagugumia chote kwa kiu halafu anatapika chote, na watu hapo wanakata tamaa wanasema dawa imemkataa. Kijiko cha chai, kila dakika moja au mbili. Ionekane ndogo hivyo hivyo lakini piga hesabu: kijiko ni mililita 5, kila dakika mbili ni 150 kwa saa, kwa saa nne ni 600, na kipimo kinachopendekezwa kwa mtoto aliyeanza kuishiwa maji ni mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa nne, kwahiyo mtoto wa kilo 8 anahitaji 600 hizo hizo. Kijiko kimoja kimoja kimemaliza kazi ambayo wengine wanadhani lazima sindano. Akitapika subiri dakika 10, anza tena taratibu zaidi, kijiko kila dakika mbili tatu. Na baada ya kila choo chepesi, aliye chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100, wa miaka miwili hadi kumi 100 hadi 200, mkubwa anywe anavyotaka. Kunyonya kunaendelea, kula kunaendelea. Inachosha jamani, mkono unauma, usingizi unakukamata, mkiwa wawili mpokezane.

Wapinzani wake sokoni je? Soda zina sukari gramu 100 au zaidi kwa lita, ORS ina 13.5, na sodiamu kwenye soda ni kidogo mno. Ile sukari inakaa kwenye utumbo inavuta maji, kuharisha kunazidi. Juisi za pakiti hivyo hivyo. Vinywaji vya wanamichezo viko katikati, sodiamu kama 20 tu na sukari kama gramu 60, vinamfaa aliyetoka jasho uwanjani, havimfai mwenye kuharisha sana, jasho na choo ni maji mawili tofauti kabisa.

Halafu haya maji ya alkali, ya pH 9 sijui 9.5, yanayouzwa kwa maelezo kwamba damu imejaa asidi na yenyewe yanaiondoa. Nimeyanywa, ni maji, yanakata kiu kama maji mengine. Lakini yakishuka tumboni yanakutana na asidi ya pH kama 2 na ule ualkali wake mdogo unaishia pale, na hata ungeingiza alkali zaidi mapafu na figo vinairekebisha, kinachobadilika ni mkojo, damu ya mtu mzima wa afya inabaki pale pale kwenye 7.4. Mwenye asidi ya kweli kwenye damu ni mgonjwa anayeonekana, kama yule mtoto niliyemuelezea, na dawa yake sio chupa yenye lebo nzuri. Inaniuma kuona mtu anaamini maji hayo na nyumbani hana hata pakiti moja ya ORS.

Kuhusu dripu, watu wengi bado wanaona bila dripu hujatibiwa. Dripu ina heshima yake, mwaka 1832 daktari Thomas Latta kule Scotland alishawamiminia wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi kwenye mshipa, baada ya daktari kijana William O'Shaughnessy kupima damu zao na kukuta zimepungukiwa maji, chumvi na alkali, yaani hadithi yote hii ya asidi na maji ilishaonekana zama hizo. Anayeshindwa kunywa, aliyezimia, aliye kwenye mshtuko, yaani damu haizunguki ya kutosha mwilini, huyo ni wa dripu bila mjadala. Ila mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane akaeleza jinsi sodiamu na glukosi zinavyoingia pamoja, mwaka 1968 madaktari David Nalin na Richard Cash wakaonyesha kule Dhaka, mji ambao sasa uko Bangladesh, kwamba watu wazima wenye kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa kunywa, na mwaka 1971 ikaja vita ya Bangladesh, wakimbizi wamejaa Bangaon nchini India, kipindupindu kimeingia, dripu zimeisha, na daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na glukosi kwenye mapipa, ndugu wa wagonjwa wakawa wanachota kwa vikombe na kuwanywesha wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 mpaka chini ya 4. Ndugu, sio manesi! Kila nikiisoma hii naguswa, kwamba aliyeokoa mtu pale alikuwa mama yake au kaka yake ameshika kikombe.

Ladha nimeipa tatu. Ni chumvi yenye utamu wa mbali, ikiwa ya baridi kidogo inanyweka zaidi. Zenye ladha ya chungwa watoto wanazikubali haraka, ila angalia namba zisiwe zimebadilishwa kwa ajili ya hiyo ladha. Na nimegundua, na madaktari wanalisema, aliyeishiwa maji kweli haikatai, anaiona tamu, akianza kuikataa mara nyingi ni kwasababu maji yameanza kumtosha. Kiu yenyewe inafanya kazi hivyo, damu ikikolea kwa asilimia moja au mbili tu ubongo unaamsha kiu na unaachia homoni ya kuzuia mkojo, ndo maana mkojo unakuwa mchache na wa njano iliyokolea, na ukianza kutoka tena mweupe na mwingi ni habari njema.

Kisichofanya: haisimamishi kuharisha. Hili wengi linawavunja moyo, wanampa mtoto jioni, asubuhi bado anaharisha, wanaacha. Kazi yake ni kurudisha kilichopotea mpaka utumbo upone wenyewe. Kwa watoto inaenda pamoja na vidonge vya zinki, kipimo kilichozoeleka ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, walio chini ya miezi sita miligramu 10, na zinki ndo inapunguza muda na ukali wa kuharisha. Siku hizi kuna boksi zenye vyote viwili pamoja, hizo nazipenda zaidi.

Choo kikiwa na damu, mtoto akishindwa kunywa, akiwa amelala hovyo haamki vizuri, akitapika kila kitu, au mkojo umekauka masaa mengi, achana na maoni yangu nenda hospitali, na njiani endelea na kijiko kama anameza. Na mwenye ugonjwa wa figo au moyo kushindwa kufanya kazi asijinywee ORS kwa hiari yake kama kinywaji cha kuburudika, ile potasiamu na sodiamu ambayo kwa mwingine ni dawa, kwake inaweza kulundikana, aulize kwanza. Hata mtu mzima mwenye afya sioni sababu ya kuinywa kila siku kwasababu tu kuna joto, maji na chakula vinatosha.

Ukienda kununua geuza pakiti kabla hujalipa: sodiamu 75, glukosi 75, jumla 245, kiasi cha maji, tarehe ya kuisha, na ubonyeze usikie unga unatembea ndani, ukiwa umeganda donge rudisha. Mi nakaa nazo za lita moja tu, nimeandika LITA 1 kwa kalamu ya wino mzito mbele ya kila moja, na chupa ya kupimia iko nazo kabati moja.